Kaboni ya Kenya Hutoka Wapi? Somo Kuhusu Biashara, Uwekezaji na Kawi Safi



Ukiwa Mkomani ukawasha taa jioni, ukapanda matatu kuvuka daraja la Nyali, kisha ukanunua mfuko wa simiti, umegusa hesabu ya gesi ya kaboni ambayo Kenya huipeleka Umoja wa Mataifa. Mambo hayo matatu hayana uzito sawa. Taa huongeza kidogo, matatu huongeza zaidi, na simiti hutegemea ilichomwa wapi. Somo la toleo hili linaeleza sababu, na ni wapi mwananchi ana sauti.

Hesabu hufanywaje?

Kaboni huandikiwa nchi ambako ilitolewa. Dizeli iliyoshushwa Kipevu ikachomwa na lori kati ya Mombasa na Nairobi ni ya Kenya. Ikiuzwa Uganda na kuchomwa huko, ni ya Uganda. Mafuta yanayochomwa na meli za kimataifa huandikwa kando, nje ya jumla ya nchi yoyote.

Simiti ina somo lake. Ili kupata klinka, mawe ya chokaa huchomwa kwenye tanuri, na kaboni hutoka mara mbili: kwenye moto na kwenye jiwe lenyewe. Tanuri likiwa hapa, kaboni ni yetu. Klinka ikinunuliwa ng'ambo, kaboni hubaki kwenye vitabu vya muuzaji, ijapokuwa nyumba inajengwa Kisauni. Lakini anga ni moja. Kuhamisha tanuri si sawa na kupunguza moshi.

Biashara: njia tatu

Mwaka 1991, wanauchumi Gene Grossman na Alan Krueger walichunguza mkataba wa biashara wa Marekani na Mexico. Walieleza kwamba biashara hugusa mazingira kwa njia tatu: wingi wa shughuli, aina ya viwanda vinavyokua, na mbinu zinazotumika.

Njia hizo zote zaonekana bandarini kwetu. Makontena yakizidi, malori nayo huzidi. Huo ni wingi. Nchi ikichagua viwanda vinavyokula mafuta mengi au vichache, hiyo ni aina. Paneli za sola na pikipiki za umeme zikipitia bandari hiyo hiyo, mbinu hubadilika. Ndiyo maana sheria ya kutoruhusu magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka 8 ina maana kubwa: kinachoshushwa leo kitatoa moshi barabarani kwa miaka mingi.

Wanunuzi nao wameanza kuuliza. Umoja wa Ulaya umeweka utaratibu wa kutoza kaboni iliyomo katika chuma, simiti, alumini na mbolea zinazoingia kwao. Kiwanda kinachotumia umeme safi kitakuwa na nafasi bora zaidi ya kuuza, na kazi za vijana wetu zimo humo.

Uwekezaji: mifano miwili

Mtaji wa kigeni hauna rangi. Waweza kuleta moshi au upepo.

Lamu ilipangiwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, ukitegemea fedha na wajenzi kutoka China. Mamlaka ya NEMA iliupa leseni mwaka 2016. Wakaazi walikata rufaa, na Juni 2019 Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni hiyo kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo na Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa.

Huko Marsabit, wawekezaji wa Ulaya walisimamisha mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari kabla ya laini ya kusafirisha umeme, ikabidi isubiri hadi 2018. Na Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua kwamba ardhi yake haikutolewa kwa kufuata utaratibu, uamuzi ambao kampuni iliupinga. Hata kawi safi haina ruhusa ya kuruka wananchi.

Kawi safi imetufikisha wapi?

Takriban asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mitambo ya mafuta mazito ya Kipevu na Rabai huhitajika zaidi mvua zikipungua au matumizi yakipanda jioni. Ikiwashwa sana, tozo ya mafuta kwenye bili yako ya stima hupanda. Kwa hivyo kawi safi ni suala la mfuko pia.

Hata hivyo, umeme ni sehemu tu. Kaboni na gesi nyingine nyingi za Kenya hutokana na mifugo na kilimo, usafiri, ukataji miti, na kuni na makaa ya kupikia. Tukiridhika na taa safi huku malori, matatu na meko zikibaki vilevile, hesabu haitashuka inavyopaswa.

Sauti yako

Katiba, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Mradi mkubwa hufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na umma hualikwa kutoa maoni. Asiyeridhika na leseni ana siku 60 kukata rufaa, kama walivyofanya wenzetu wa Lamu.

Ukialikwa kwenye kikao cha ushirikishwaji wa umma, nenda na maswali haya matatu:

1. Mradi huu utatumia kawi gani, na kwa miaka mingapi?
2. Bidhaa zake zitasafirishwa kwa njia gani, na kupitia mitaa ipi?
3. Mkaazi atapata nini, na ni nani atakayepima moshi baada ya mradi kuanza?

Omba majibu kwa maandishi.