Kubwa au Ndogo? Sogea Tuongee, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, sogea hapa. Najua una fomu mbili mezani tangu juzi. Moja ya shule kubwa ya Bukoba mjini, yenye ghorofa na mabasi ya njano. Nyingine ya kashule ka Muleba, jirani na kwa bibi, ambako darasa zima linaenea kwenye madawati matano. Mume anataka kubwa, mama mkwe anataka ndogo, na wewe usingizi umekuruka. Usijione mjinga. Msimu huu wa senene, kila nyumba yenye mtoto wa kuanza shule ina ugomvi huohuo.

Ila kabla hujachagua, niambie ukweli, hapa hakuna mtu mwingine: ile kubwa unaitakia nini? Maana watu wa Kagera tunajuana. Wanatutania kwa neno "nshomile", yaani nimesoma, tunacheka, halafu tunaenda kuanika sare ya mtoto upande wa barabarani ili nembo ionekane. Usikatae. Mimi mwenyewe nimeianika.

Binti yangu wa kwanza nilimpeleka shule kubwa, jina nalihifadhi. Darasa lao la tatu walikuwa zaidi ya 80. Siku moja mama muuza karanga akanivuta pembeni, kwa upole kabisa: "Dada, samahani, hivi shule zimefungwa? Mbona juzi, jana na leo mtoto yuko kwangu ananisaidia kufunga karanga?" Miguu iliniisha nguvu. Siku tatu! Nyumbani anatoka kapiga pasi, begi mgongoni, anaishia kwenye kibanda. Kumbe alikosa hesabu ubaoni, wenzake wakamcheka, akaona aibu kurudi. Shuleni hakuna aliyepiga simu. Mwisho wa muhula ripoti ikaja na mhuri wake: mahudhurio, mazuri sana. Nilicheka, halafu nikaingia chumbani nikalia.

Sasa usikimbilie kumtukana mwalimu. Kiwango kilichowekwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 watoto wamefurika kwenye shule za serikali kuliko madarasa na walimu waliopo. Hata za kulipia, ikisifika tu inajaa. Mtu mmoja akisahihisha madaftari 80 usiku kwa taa, mtoto mkimya anapotea humohumo. Mtoto mchangamfu, mwenye mdomo, shule kubwa haimsumbui. Atapata marafiki, mpira, kwaya, na wa kushindana naye. Wako ni yupi? Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, wewe ukaanza na mabasi.

Basi nikamhamishia Muleba kwa bibi yake. Darasa lao 13. Siku ya kwanza alipochelewa, saa tatu haijafika simu ya mwalimu ikalia. Nikasema hapa ndipo. Wee! Muhula uliofuata mwalimu wa hesabu akaolewa Mwanza, na hapakuwa na mwingine. Miezi mitatu mtoto hajaona sehemu wala desimali. Na lingine ambalo hakuna aliyewahi kunionya: wasichana walikuwa watano tu. Akagombana na mmoja, watatu waliobaki wakahama upande ule, mwaka mzima mtoto anakula muhogo wake peke yake chini ya mwarobaini. Shule kubwa ukikosana na huyu unahamia kwa yule. Ndogo, huna pa kuhamia. Halafu akaanza kiburi, wa kwanza kila mtihani. Wa kwanza kati ya 13, mdogo wangu.

Kwa hiyo ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, lakini na udogo nao usiuabudu.

Na bweni? Nakuona unavyoniangalia. Mtoto wa miaka sita usimpeleke. Tangu mwaka 2023 Wizara imezuia bweni kwa awali hadi darasa la nne bila kibali maalumu, na sisi wa Kagera hatukuhitaji kuambiwa mara mbili: mwaka 2020 kule Kyerwa bweni la shule ya msingi liliungua usiku, watoto 10 wakafa. Ila na mtoto wa Kemondo anayepandishwa basi la shule saa kumi na moja alfajiri, anasinzia hadi mjini, nayo ni adhabu tunayoiita elimu.

Ada nayo. Kahawa inaanza kuuzwa mwezi wa tano, ada inadaiwa Januari. Usipige hesabu kwa pesa ya kahawa. Mtoto anayerudishwa getini mbele ya wenzake kwa sababu ya ada haisahau siku ile, hata ukija kulipa na ziada.

Fanya hivi. Nenda Jumatano ya kawaida, saa nne asubuhi, usiende siku ya mahafali walipopamba. Omba daftari la mtoto yeyote, ulifunue katikati. Kama ni vema tupu za haraka haraka, na jibu la makosa limepewa vema vilevile, umeshajua. Uliza walimu walioanza mwaka jana wangapi wapo bado. Kumi bora uache kuuliza, Necta wenyewe waliacha kuitangaza mwaka 2023. Uliza walioingia darasa la kwanza wangapi walifika la saba, na waliochujwa njiani walikwenda wapi. Mwisho muulize mwalimu mkuu: mwanangu asipofika, nani atajua, na saa ngapi? Usijaze maneno, nyamaza umtazame. Akianza kukuonyesha jengo jipya la kompyuta, shika mkoba wako.

Wangu sasa yuko sekondari, mrefu kunizidi. Tukipita pale stendi yule mama humwita, "Msaidizi wangu!", na humfungia karanga za bure. Binti huzipokea akitazama chini.