Mjuzi Anaporudi Darasani: Kuchagua Kitabu cha Fremuweki Mpya



Kila muhula hunijia ndugu mmoja au wawili na swali lile lile. Ametengeneza tovuti kwa jQuery miaka minne, na pengine kazi hiyo ndiyo iliyomlipia ada. Sasa wenye kazi wanataka React. Aanzie wapi? Wananiuliza mimi wa Masomo ya Kiislamu kwa kuwa tovuti ya jumuiya yetu naitunza mimi, nayo imeshahamia React.

Wanazuoni walilijadili jambo hili bila ya kompyuta. Ibn Khaldun, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, ana mlango unaosema kwamba wingi wa vitabu katika fani humzuia mwanafunzi kuifikia elimu, na mwingine unaolaumu mihtasari iliyobanwa mno. Isome milango hiyo miwili, kisha utazame orodha ya kozi za React. Utadhani aliziona.

Mwanafunzi wa nahau aliyemaliza Ajurrumiyya harudishwi kwenye alifu na bee. Huendelea na Qatr al-Nada ya Ibn Hisham, kisha Alfiyya ya Ibn Malik yenye beti elfu moja hivi. Nawe ni hivyo hivyo. Kozi ya saa arobaini inayoanza kwa kukueleza kigeuzi ni nini itakula bando lako na subira yako. Utairukaruka, na katika kurukaruka ndimo zitakamokupita zile dakika tano ulizozihitaji.

Hata hivyo, ujuzi wa zamani nao ni pazia. Katika jQuery unaamrisha: tafuta kitufe kile, kibadilishe rangi, kifiche. Katika React unaeleza ukurasa uwe vipi kwa kila hali ya data. Data ikibadilika, React yenyewe huusasisha ukurasa. Asiyelishika hili huandika jQuery ndani ya React, akifukuzia vitufe kwa mkono, na msimbo wake huenda vizuri mpaka ukurasa unapokua. Kwa hiyo kitabu chako cha kwanza kiwe kinachofundisha fikra hiyo, hata kama mifano yake ni michache. Nyaraka rasmi za React, zilizoandikwa upya na kufunguliwa Machi 2023, zina somo moja fupi kuhusu namna ya kufikiri kwa React, linalojenga jedwali la bidhaa lenye sehemu ya kutafutia. Ni bure, na kwa kuwa ni maandishi halili bando. Lisome mara mbili.

Kisha tazama tarehe. Mtu wa hadithi huuliza isnadi kabla ya kuipokea matini. React ilitolewa kwa umma 2013, na Februari 2019 toleo la 16.8 likaleta huki. Masomo ya kabla ya hapo hufundisha komponenti za klasi. Kazini utazikuta bado, lakini si pa kuanzia. Kwa anayekwenda Angular mtego ni mkubwa zaidi: AngularJS ya 2010 na Angular iliyotoka Septemba 2016 ni vitu viwili, ya pili iliandikwa upya kabisa, na ukitafuta kwenye intaneti majibu ya zote mbili huja yamechanganyika.

Baada ya hapo usitafute kozi nyingine. Chukua kitu ulichokwisha kukijenga, tuseme fomu ya kujiandikisha futari ya pamoja, ukijenge upya. Tatizo lenyewe unalijua, kipya ni chombo tu, hivyo kila unapokwama unajua ni React iliyokukwamisha. Mpe kaka au dada aliyetangulia ausome msimbo wako, kama unavyomsomea sheikh kitabu. Na ukikwama siku mbili mahali pamoja, hapo video ya dakika kumi kuhusu jambo hilo moja inastahili bando.

Wallahu a'lam.