Yai la Kuchemsha Linapogoma Kumenyeka

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo huenda wengine watalicheka, nalo ni jinsi ya kuchemsha yai ili limenyeke vizuri. Cheka, lakini usifunge gazeti. Sisi wauguzi wa wodi ya watoto tulianza kulifikiria jambo hili kwa sababu ya ndoo ya taka.

Nyuma ya wodi yetu palikuwa na banda ambamo akina mama waliolazwa pamoja na watoto wenye utapiamlo walijifunza kupika. Mtoto aliyeanza kupata nafuu na kula vizuri alipewa yai moja kwa siku. Asubuhi moja, tulipokuwa tukikagua usafi, tulikuta ndoo imejaa maganda yaliyong'ang'aniwa na mapande manene ya ute mweupe. Tulimwuliza mama mmoja kulikoni. Akajibu, "Sista, yai lenyewe limekataa kumenyeka. Nimempa hiki kiini."

Sasa fikirini. Yai la gramu 55 hivi lina protini kama gramu 6, na zaidi ya nusu ya protini hiyo imo katika ute mweupe. Mtoto yule, ambaye miguu yake ilikuwa imevimba kwa kukosa chakula cha kujenga mwili, alikuwa anapata kiini na vipande viwili vitatu, na kilichobaki kinaenda jalalani.

Tulimwendea mpishi tukamlaumu kwamba hakuwafundisha akina mama vizuri. Mzee yule alitusikiliza mpaka tukamaliza, kisha akasema, "Haya mayai yametagwa leo. Ya dukani hayanisumbui." Tulidhani anajitetea. Kumbe ukweli ulikuwa wake. Mayai ya banda letu la kuku yalitoka kiotani yakaingia sufuriani siku ileile, nasi tulijisifu kwamba tunawapa watoto mayai mabichi kabisa.

Kwa nini yai jipya lisumbue? Ganda la yai lina matundu madogo sana, maelfu kwa maelfu. Ute wa yai lililotagwa leo una hewa ya ukaa nyingi ndani yake. Siku zinavyopita hewa hiyo hutoka polepole kupitia matundu hayo, na ute hubadilika ukaelekea hali ya magadi. Ute wa yai jipya ukiiva hushikamana na ile ngozi nyembamba iliyo chini ya ganda, lakini ute wa yai lililokaa kidogo huachana nayo kwa urahisi zaidi. Tena, upande mnene wa yai kuna nafasi ya hewa ambayo hukua kadiri yai linavyokaa, na hapo ndipo kidole hupata pa kuanzia.

Kwa hiyo mayai ya kuchemsha yaacheni yakae kwanza, wiki moja hivi mahali penye ubaridi na kivuli. Penye joto, kama pwani, siku tatu au nne zinatosha. Yaliyotagwa leo kaangeni. Yai lililochafuka lifuteni kwa kitambaa kikavu, na kuliosha ngojeni mpaka saa ya kulipika, kwa maana maji huondoa utando unaolilinda na kupenyeza uchafu ndani. Wenye kuku wa kienyeji wakusanye mayai kila siku, la sivyo kuku akishaatamia mtakuta ndani mambo mengine. Mkiwa na shaka, litumbukizeni yai katika bakuli la maji. Likilala chini ni jipya, likisimama wima limekaa, lakini mara nyingi bado linafaa, likielea, litupeni.

Jambo la pili ni moto. Wengi wetu huweka mayai katika maji baridi, sufuria ikapanda juu ya jiko ambalo mkaa wake bado unashika. Maji yanapata joto taratibu, ute nao unaiva taratibu ukiwa umegandamana na ngozi yake. Fanyeni kinyume: chemsheni maji kwanza, kisha mshushe mayai kwa kijiko, moja moja, yasipasuke. Joto la ghafla hukaza ute wa nje mara moja, nao hauishiki sana ile ngozi. Tumejaribu kwa mayai ya banda letu, tena ya siku ileile, na tofauti ilionekana. Chumvi wanayotia watu haisaidii sana kumenya, ila yai likipata ufa husaidia ute usitapakae.

Hesabuni dakika 12 tangu maji yarudi kuchemka. Wanaoishi milimani waongeze dakika 2 au 3. Mahali kama Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka yakiwa na nyuzi joto 93 hivi tu, hayafiki 100 kama ya Dar es Salaam. Kiini lazima kiwe kigumu, hasa kwa watoto wadogo, wajawazito, wazee na wagonjwa. Vijidudu vya salmonela huweza kuwamo ndani ya yai hata ganda likiwa safi na zima, navyo huleta homa na kuharisha. Ukiona duara la kijani kuzunguka kiini, usiogope, ni dalili kwamba yai limechemka muda mrefu, wala si sumu.

Jambo la tatu ndilo linalotutia wasiwasi kuliko yote. Yai likitoka motoni litiwe katika maji baridi, kwa maana linapopoa haraka husinyaa kidogo na kuachana na ganda. Lakini maji gani? Tumeona mayai yaliyochemshwa vizuri yakitumbukizwa katika ndoo ya maji ya kisima, au yale yaliyotumika kuoshea vyombo. Yai linaposinyaa huvuta maji ya nje kupitia matundu yale tuliyoyataja, na kama ganda limepata ufa huvuta zaidi. Basi tumieni maji yaliyochemshwa na kupozwa. Ya mtungini yanafaa sana. Osheni mikono kwa sabuni. Gongeni yai upande mnene, mlivingirishe ganda lote lipate nyufa, kisha mmenye ndani ya maji hayohayo safi mkiishika ngozi pamoja na ganda.

Mnaonunua mayai stendi, chukueni yenye ganda mmenye wenyewe. Pilipili ya muuzaji ni tamu, lakini kisu chake kimepita mengi.

Mtoto anaweza kupewa yai akitimiza miezi 6. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate kila siku nyama, samaki au yai. Lipondeni lote, ute na kiini, mlilainishe kwa maziwa ya mama au uji, kwa maana pande zima humkaba. Siku ya kwanza mpeni kidogo. Akivimba midomo au kutoka vipele, acheni na mmlete kwa mganga, na akipumua kwa shida msingoje kuche. Yai lililomenywa lisikae nje zaidi ya saa 2.

Maganda nayo msiyatupe. Yakaangeni kidogo kikaangoni, myatwange yawe unga, na kuwachanganyia kuku katika pumba. Mkiwapa yakiwa mapande makubwa watajifunza kula mayai yao wenyewe.