Virusi vya Hendra: Farasi Apimwe Vipi?

*Ndugu yetu aliyehamia Queensland, Australia, kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, anahudumia farasi. Ugonjwa wa popo hujulikanaje, na popo wa Lilongwe je?*

Hofu yenu ina msingi, kwani virusi vya Hendra, vilivyogunduliwa Brisbane mwaka 1994, hutoka kwa popo walao matunda hadi kwa farasi, kisha humfikia binadamu kupitia majimaji ya farasi mgonjwa. Homa ya ghafla, kuhema na kuyumba huleta shaka tu. Uthibitisho hutoka maabara, kwa kipimo cha PCR kinachotafuta vinasaba vya virusi katika sampuli za damu na ute wa pua, ambazo huchukuliwa na daktari wa mifugo aliyevaa kinga. Hadi majibu yatoke, farasi asiguswe. Aliyekwisha kumgusa anawe kwa sabuni na kumwona daktari upesi. Farasi wana chanjo tangu 2012. Hendra haijaripotiwa nje ya Australia. Hata hivyo, huko Lilongwe, aliyeng'atwa na popo aoshe jeraha, awahi hospitali kwa ajili ya kinga dhidi ya kichaa cha mbwa.