Ubongo, Tezi na Chumvi ya Shangazi



Likizo iliyopita nilipofika nyumbani Nakivale, nilimkuta shangazi yangu ana rovu shingoni. Yeye alizaliwa Idjwi, kisiwa cha Ziwa Kivu huko Kongo, na sasa ni mja mzito. Majirani wengine walisema amerogwa, wengine walisema ni mizigo anayobeba kichwani. Nami nilikumbuka somo letu la elimu ya viumbe.

Mwilini mna watawala wawili, ubongo na tezi. Ubongo hupeleka habari upesi kwa njia ya neva. Tezi hupeleka habari polepole katika damu, kwa vitu viitwavyo homoni. Lakini hawatawali mbalimbali. Sehemu ya chini ya ubongo, iitwayo haipothalamasi, huiamuru tezi ya pituitari, ambayo ni ndogo kama punje ya njegere. Pituitari nayo hupeleka homoni yake mpaka tezi ya shingo, na hapo hutengenezwa thairoksini, inayoongoza joto la mwili, mapigo ya moyo na ukuaji. Thairoksini ikitosha, ubongo na pituitari huitambua katika damu, na amri hupungua.

Fikirini jiko la shule. Mwalimu mkuu humtuma kiranja kwa mpishi kudai chakula. Chakula kikifika, kiranja hunyamaza. Je, mpishi akikosa unga? Kiranja atarudi tena na tena. Mpishi ataongeza mafiga na vyungu, jiko litapanuka, wala njaa haitakwisha. Unga wa tezi ya shingo ni iodini, yaani madini joto. Ikipungua, pituitari huzidi kuamuru, na tezi huvimba. Basi rovu la namna hii si uchawi; ni tezi inayotii amri bila kupewa vifaa.

Katika miaka ya 1960 madaktari wa Kibelgiji walichunguza jambo hili huko Idjwi. Iodini ilikuwa haba kote kisiwani, lakini upande wa kaskazini zaidi ya nusu ya watu walikuwa na rovu, na kusini-magharibi wachache tu. Baadaye mihogo ilionekana kuwa sababu mojawapo, maana isipolowekwa vema huleta mwilini kitu kinachoizuia tezi kupata iodini.

Hatari iliyo kubwa ni ya mtoto tumboni. Akikosa homoni hii, ubongo wake hudumaa. Mtu mzima huhitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku, na mja mzito 250.

Tulimpeleka shangazi Mbarara. Daktari alimpima damu, akatuuliza juu ya chumvi yetu. Tulikuwa tukinunua ya kupimiwa, iliyowekwa wazi juani, kwa kuwa ni rahisi. Sasa tunanunua ya pakiti yenye iodini, tunaifunika, na kuitia chunguni chakula kikikaribia kuiva. Mtoto hajazaliwa bado, nasi tunangoja.

Nanyi, wasomaji, mkienda likizo, itazameni chumvi ya nyumbani kwenu.