Hitilafu Inayokuja na Kuondoka: Somo la Sayansi kwa Kutumia Pikapu Kuukuu

1. Madhumuni

Madhumuni ya makala haya ni kuwaonyesha walimu wanafunzi namna hitilafu ya gari inavyoweza kutumiwa kuwafundisha watoto wa madarasa ya juu ya shule ya msingi kutafuta chanzo cha jambo kwa utaratibu. Hatukusudii kuwafanya watoto mafundi wa magari. Tunakusudia wazoee kuuliza kabla ya kuamua, na kupima kabla ya kuamini.

Tumechagua pikapu ya petroli yenye kabureta na distributa, ya namna iliyoenea sana katika miaka ya 1970 na 1980, kwa sababu mbili. Kwanza, sehemu zake nyingi huonekana kwa macho na kazi zake hufahamika bila kutumia kompyuta. Pili, watoto wengi wa vijijini wanaijua thamani ya gari la namna hiyo. Mchana hubeba mazao kwenda sokoni. Usiku huenda likabeba mgonjwa kwenda hospitali. Likizimika njiani, hasara yake si ya mwenye gari peke yake. Naye mwenye gari aghalabu hupoteza fedha nyingi: leo hununua betri, wiki ijayo plagi, kisha koili, na gari bado linazimika. Amebadilisha vitu vitatu pasipo kuuliza swali hata moja.

2. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyajua

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu ili iwake: kuzungushwa mara ya kwanza, petroli iliyochanganyika na hewa, na cheche ya umeme kwa wakati wake. Betri ya volti 12, yenye seli sita, huiendesha stata inayoizungusha injini. Pampu huvuta petroli kutoka tangini hadi kwenye kabureta, nako huchanganywa na hewa kwa kiasi cha gramu 15 hivi za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Koili huzikuza volti 12 za betri zikawa maelfu mengi, na distributa huugawa umeme huo kwa kila plagi kwa zamu.

Basi swali la kwanza ni hili: stata inaizungusha injini kwa nguvu au haiizungushi? Ikiwa haizungushi, tunaangalia betri, vifungo vyake na nyaya zake. Ikiwa inazungusha vizuri lakini injini haiwaki, tunaelekea kwenye petroli au kwenye cheche. Kwa swali moja tumekwisha kupunguza sehemu kubwa ya kazi.

Swali la pili ni namna gari linavyozimika. Likikata ghafla kama taa iliyozimwa, mara nyingi tatizo huwa la umeme. Likipoteza nguvu na kusitasita kabla ya kuzimika, mara nyingi tatizo huwa la petroli. Twasema mara nyingi kwa makusudi, kwani hii ni dalili tu, wala si hukumu.

3. Ugumu wa hitilafu ya namna hii

Kitu kilichovunjika hukaa kimevunjika, na fundi hukiona. Hitilafu inayokuja na kuondoka hujificha. Koili mbovu huweza kushindwa inapopata moto tu, ikapona inapopoa. Petroli huweza kugeuka mvuke ndani ya bomba lililo karibu na injini yenye joto. Uchafu wa tangini huweza kuvutwa ukaziba mdomo wa bomba, kisha ukaanguka gari likisimama. Waya uliolegea huweza kuachana na kifungo chake kwenye barabara ya mashimo tu. Gari likifika kwa fundi limepoa na kutulia, kila kitu huonekana kizima.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza "Ni nini kilichoharibika?", yafaa kuuliza "Hutokea lini, na huondoka lini?" Majibu yaandikwe, maana kumbukumbu ya dereva aliyekasirika haitoshi.

4. Hatua za somo

Hatua ya kwanza: Kusoma taarifa. Mwalimu aandike ubaoni taarifa ya dereva. Tumebuni mfano ufuatao kwa ajili ya somo:

Jumatatu: Tangi lilikuwa nusu. Baada ya kilomita 40 pikapu ilipoteza nguvu, ikazimika. Stata ilizungusha vizuri. Baada ya dakika 20 ikawaka.
Jumanne: Tangi nusu. Ilizimika tena karibu na kilomita 40. Dereva alifungua kifuniko cha tangi, akasikia hewa ikiingia kwa kishindo. Akakifunga, na gari likawaka punde.
Jumatano: Tangi lilijazwa. Pikapu ilizimika baada ya kilomita 6 tu.

Hatua ya pili: Kukusanya makisio. Watoto wataje sababu zote wanazozifikiria. Mwalimu aziandike zote, asisifu wala kukataa hata moja. Mwalimu akitikisa kichwa mapema, watoto huacha kuitazama taarifa na kuanza kuutazama uso wake.

Hatua ya tatu: Kuyahoji makisio. Kwa kila kisio liulizwe swali hili: "Kama ni kweli, tungetegemea kuona nini?" Kama betri ni dhaifu, stata ingezungusha kwa unyonge, haikuwa hivyo. Kama ni koili yenye joto, kufungua kifuniko kusingesaidia. Uchafu na mvuke wa petroli ulifaa kuelezea mambo ya Jumatatu, lakini sauti ya hewa ya Jumanne haielezwi nao. Kisio linalobaki ni kwamba tundu dogo la kupitishia hewa kwenye kifuniko limeziba. Petroli inapotoka, hewa haiingii ya kutosha kuchukua nafasi yake. Kanieneo ya hewa iliyobaki tangini hupungua, hata pampu ikashindwa kuvuta.

Habari ya Jumatano huwashangaza watoto, kwani tangi lililojaa lilitegemewa kusaidia. Waachwe wafikiri. Tangi likijaa, hewa iliyomo ni kidogo sana. Hewa kidogo ikitanuka kuijaza nafasi iliyoachwa na petroli, kanieneo yake hushuka upesi zaidi.

Hatua ya nne: Kupima, na kurudisha hitilafu. Taarifa iendelee hivi. Alhamisi tangi lilijazwa tena, na kikafungwa kifuniko kizima kilichoazimwa. Pikapu ilikwenda kilomita 60 bila kuzimika. Je, kazi imekwisha? Watoto wengi watasema imekwisha. Hapo ndipo mwalimu awaulize: "Huenda ilikuwa bahati tu?" Ijumaa tangi likajazwa vilevile, kikarudishwa kifuniko cha zamani, na pikapu ikazimika karibu na kilomita 6.

Hili ndilo fundisho kuu la somo letu. Hitilafu iliyoondoka yenyewe haijafahamika. Twaweza kusema tumekijua chanzo pale tunapoweza kuiondoa hitilafu na kuirudisha kwa kubadilisha kitu kimoja tu.

5. Zana

Darasani gari si la lazima. Chukua chupa ya plastiki, toboa tundu dogo karibu na kitako, ijaze maji na uifunge kwa kifuniko. Maji yatatoka kidogo, kisha yatakoma. Legeza kifuniko, nayo yatatoka tena. Watoto wafunge na kulegeza wenyewe, wakieleza kila mara walichokiona. Ili kuonyesha waya uliolegea, betri ya tochi, balbu na nyaya mbili zinatosha: waya mmoja usifungwe sawasawa, kisha meza itikiswe.

6. Tahadhari

Watoto wakionyeshwa gari lenyewe, injini iwe imezimwa na imepoa, breki ya mkono imevutwa, na fundi au dereva awepo. Wasifungue tangi wala kugusa petroli, na moto usiwe karibu. Wasijaribu kupima cheche, kwa sababu umeme wa koili ni mkali. Kifuniko cha rejeta yenye joto kisifunguliwe kabisa.

7. Hitimisho

Utaratibu huu wamhusu mwalimu mwenyewe pia. Tuseme yupo mtoto anayepata 62 − 27 na kukosa 503 − 267. Leo anapata, kesho anakosa, na mwalimu mwenye haraka humwita mvivu. Hiyo ni sawa na kununua betri mpya bila kuuliza swali. Tuyatazame madaftari yake: anakosa lini? Akiandika 336 badala ya 236, tutaona kwamba aliigeuza sifuri kuwa 9 bila kuchukua moja kutoka kwenye 5. Tumpe hesabu nyingine zenye sifuri katikati, na nyingine zisizo nayo. Kosa likija na kuondoka pamoja na sifuri, tumelijua la kufundisha, na mtoto amesalimika na jina asilostahili.

Mazoezi

1. Pikapu huzimika ghafla kwenye barabara ya mashimo tu, na taa zake hufifia wakati huo huo. Taja makisio mawili, na ueleze utakavyopima kila moja.
2. Kwa nini si vema kubadilisha plagi na koili kwa siku moja?
3. Andaa somo la dakika 40 ukitumia chupa iliyoelezwa hapo juu. Onyesha maswali utakayouliza kabla ya kutoa maelezo yoyote.