Je, koni inatosha kupima udongo wa pwani ya Norway?

SWALI: Nasomea uhandisi ujenzi Trondheim. Kwa nini hapa udongo hupimwa kwa kusukuma koni ardhini, na je, kipimo hicho kinatosha bila kuchukua sampuli?

JIBU: Hakitoshi peke yake, lakini ni mwanzo mzuri. Koni ya chuma, yenye ncha ya nyuzi 60, husukumwa sentimita 2 kwa sekunde huku ikipima ukinzani wa ncha, msuguano wa ubavuni na shinikizo la maji. Penye mchanga, ukinzani hupanda. Penye mfinyanzi laini hushuka, na shinikizo la maji hupanda. Hata tabaka jembamba la mchanga huonekana kwenye grafu.

Mfinyanzi wa huko ulitua baharini barafu kuu ilipoyeyuka, kisha nchi ikainuka. Maji baridi yakiisha kuosha chumvi yake, udongo ukivurugwa hugeuka uji. Huko Rissa, Norway, penye udongo wa namna hii, tarehe 29 Aprili 1978, kifusi cha msingi wa ghala kilirundikwa kando ya ziwa. Hekta 33 zikaporomoka.

Msuguano mdogo mno ubavuni ni dalili ya udongo huo unaogeuka uji. Uthibitisho hutoka maabara, kwa hiyo chukua sampuli kwenye kina kile kile.

Tena, barafu iliacha mawe makubwa. Koni ikigota, usiilazimishe, wala usiandike kwamba umefika kwenye mwamba. Sogeza mashine mita chache urudie, au toboa kwa mashine ya kuchimbia.